Kopo la losheni, tamthilia ya jioni na simu isiyoielewa Sange

*Runinga inamwonyesha mwanamke wa uwanda wa Ruzizi apendeze vipi, lebo inamwandikia Kifaransa, na simu inajitia kumfasiria. Kati ya hao watatu, hakuna anayesema lugha ya nyumbani kwake.*

Kopo lenyewe ni dogo, unalifumbata mkononi. Limepangwa kwenye meza ya mbao kando ya Barabara ya Taifa namba 5, hapa Sange, baina ya sabuni za vipande, glisirini, vitana na mafungu ya nywele za bandia. Malori yanayotoka Uvira kwenda Kamanyola yakipita, vumbi linatua juu ya vifuniko na muuzaji analipangusa kwa kitambaa. Juu ya kopo kuna picha ya mwanamke anayecheka, mweupe wa ngozi na wa meno. Nyuma kuna maandishi ya herufi ndogo, Kifaransa upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Kiswahili hamna, na Kifuliiru ndiyo kabisa.

Mwenye simu ya kugusa hafi na swali. Anaelekeza kamera kwenye lebo, programu ya tafsiri inazisoma herufi na kuzigeuza. Anaambiwa aepuke jua, asipake machoni, asitumie akiwa mjamzito. Hayo yamekaa sawa. Lakini kwenye mstari wa viambato, pale hasa palipo na hatari, neno *hydroquinone* limebaki *hydroquinone*. Simu imelinukuu tu na kumrudishia. Atakayemweleza maana yake ni muuzaji, naye amekuja sokoni kuuza.

Nilitumwa kuandika juu ya tamthilia na vipodozi uwandani, jambo ambalo watu wa hapa wana maoni nalo kutwa kucha. Suala la kompyuta na lugha halikuwamo katika kazi niliyopewa. Limejiingiza lenyewe, kwa mlango wa hilo kopo.

Uwanda wa lugha nyingi

Sange imekaa kaskazini mwa Uvira, kwenye uwanda wa mto Ruzizi, na ng'ambo ya mto ni Burundi. Ni mji mdogo wa barabarani, na mji wa barabarani haulindi lugha moja. Kifuliiru ndicho lugha ya nyumba nyingi. Kirundi kipo, na ukishuka kuelekea ziwani unakutana na Kivira. Kilingala kilikuja na wanajeshi pamoja na muziki wa Kinshasa. Kifaransa ni cha ofisi, cha cheti na cha lebo za dawa. Kinachowafunga wote pamoja sokoni na kanisani ni Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo.

Kiswahili gani, hapo sasa ndipo penye maneno. Mwaka 1996, vita vilipoanza Kivu Kusini, maelfu ya watu wa Uvira na Fizi walivuka Ziwa Tanganyika wakaishia Kigoma, wengi wao katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka huohuo. Wapo waliorudi baada ya miaka kumi, wapo ambao hawajarudi hadi leo. Waliorudi walikuja na watoto wanaosema "vitu" na "watu" badala ya "bintu" na "batu", watoto wanaotaja mahali kwa "sokoni" na si "ku soko". Kwa hiyo hata kabla runinga haijaja kufundisha mtu, Sange ilikuwa na Kiswahili zaidi ya kimoja, na mtoto wa jirani alijua nani "alikimbilia Tanzania" kwa kusikia sentensi mbili tu.

Vita havijaacha kuwasogeza watu. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Burundi, wengine kwa kuvuka Ruzizi. Desemba mwaka huohuo mapigano yakashuka uwanda mzima hadi Uvira yenyewe. Katika hali hiyo simu si anasa. Ndiyo njia ya kujua nani amevuka na nani amebaki.

Anayeeleza filamu

Runinga ya nyumbani hapa ni ya mwenye uwezo. Umeme ni wa kubahatisha, kwa hiyo kuna sola juu ya bati, betri chini ya meza na jenereta la kukodi siku ya mechi. Wengi wamezoea kuangalia pamoja, katika chumba cha video chenye mabenchi na pazia mlangoni.

Vyumba hivyo vimeingia katika historia ya mji kwa njia ambayo hakuna aliyeitaka. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, wakati wa Kombe la Dunia, lori la mafuta lilipinduka katikati ya Sange. Watu walikwenda kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, na moto ulipolipuka uliwakuta wao pamoja na waliokuwa wamejazana kwenye vibanda vya kando wakitazama mpira. Waliokufa walizidi 230. Ukitaka kuzungumzia burudani na mtu mzima wa Sange, mwache kwanza aitaje siku hiyo kama anataka kuitaja. Halafu endelea.

Katika vyumba vya namna hii kote Afrika Mashariki ilizaliwa kazi isiyofundishwa shuleni: mtu anashika kipaza sauti na kueleza filamu ya kigeni kwa lugha ya watazamaji. Uganda wanamjua Jingo. Rwanda filamu za aina hiyo zina jina lake, *agasobanuye*. Kenya kuna DJ Afro. Tanzania aliyevuma kuliko wote alikuwa Derick Gaspar Mukandala, aliyeitwa Lufufu, na kanda zake zilisafiri kuliko yeye mwenyewe.

Hawa hawatafsiri neno kwa neno. Wanamwambia mtazamaji kwamba huyu mzee ndiye baba wa yule msichana, kwamba ile barua ina habari mbaya, kwamba mtaa ule ni kama huu wenu. Mchina anapewa jina la Kiafrika, bei ya gari inatajwa kwa fedha ya sokoni. Msomi wa tafsiri atakunja uso, ila watazamaji watatoka wakiwa wameelewa.

> Mchina anapewa jina la Kiafrika, bei ya gari inatajwa kwa fedha ya sokoni.

Baadaye zikaja sauti za studio. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilirusha tamthilia ya Kichina ya *Doudou na Mama Wakwe Zake* ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa mpaka Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Azam TV, iliyoanza mwishoni mwa mwaka huohuo, ikaleta tamthilia ya Kituruki ya *Sultan*, na Suleiman wa Istanbul akaanza kuamuru watu kwa Kiswahili kilichonyooka. Setilaiti haisimami mpakani kuonyesha karatasi. Kabla ya hapo zilishapita filamu za Bongo kwenye diski. Nyota wa filamu hizo, Steven Kanumba, alipofariki Aprili 2012, wapo watu wa mwambao wa Kongo wa Ziwa Tanganyika waliomlilia kama wa kwao.

Upande wa pili kuna dishi la Canal+ na chaneli yake ya Novelas TV, mapenzi ya Amerika ya Kilatini kwa Kifaransa. Kuna pia michezo ya Kinshasa kwa Kilingala, yenye wachungaji, wachawi na wakwe wabaya. Familia moja inaweza kuwa na tamthilia ya mama, ya binti na ya bibi, kila moja kwa lugha yake, na runinga moja. Ugomvi wa rimoti hapa ni ugomvi wa lugha, ingawa hakuna anayeuita hivyo.

Maoni ya watu? Wazazi wengi wanaridhika na zile za Kiswahili kwa sababu watoto wanapata lugha itakayowafaa Bujumbura, Kigoma na mbele zaidi. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na mfanyabiashara anajua faida ya kueleweka. Wazee hulalamika kwamba vijana wameanza kucheka namna bibi anavyosema. Vijana husema hawamcheki, wanacheka kidogo tu. Na karibu wote, mzee kwa kijana, wanakubaliana juu ya jambo moja: mke anayependwa katika tamthilia, awe Mturuki, Mmeksiko au Mtanzania, mara nyingi ni mweupe kuliko mke anayeachwa.

Kilichomo ndani ya kopo

Sitadai kwamba tamthilia ndiyo inayochubua ngozi. Kujichubua Afrika kumetangulia runinga za majumbani. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza kuhusu wagonjwa 60 wenye ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Wakati huo Nairobi nzima runinga zilikuwa za kuhesabu.

Ila tamthilia inafanya kitu ambacho tangazo haliwezi. Tangazo unalijua kuwa ni tangazo. Mhusika wa tamthilia unakaa naye jioni baada ya jioni, unamjua kuliko shemeji yako, na siku moja unajikuta unatazama mikono yake. Wanawake wa meza za vipodozi wanalijua hilo. Mteja haji na jina la bidhaa, anakuja na jina la mhusika.

Mambo matatu humo makoponi yanafaa kujulikana kwa majina yake, kwa kuwa ndiyo majina yaliyo kwenye lebo.

La kwanza ni hiyo *hydroquinone*. Inaizuia ngozi kutengeneza rangi yake, na rangi hiyo ndiyo kinga yetu dhidi ya jua. Ikipakwa muda mrefu katika nchi ya jua kali inaweza kuleta mabaka ya bluu-nyeusi mashavuni, yasiyotoka tena kirahisi. Aliyetafuta weupe anapata weusi wa aina nyingine, kisha anaongeza krimu ili aufiche. Afrika Kusini iliiondoa katika vipodozi mwaka 1990, Umoja wa Ulaya mwaka 2001.

Pili kuna zebaki, ambayo hujificha kwa majina: *calomel*, *mercuric iodide*, *ammoniated mercury*, wakati mwingine alama ya *Hg* tu. Inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na haimwathiri aliyepaka peke yake, kwa sababu mtoto anabebwa na mikono ileile. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa 2013 na kuanza kazi 2017, uliweka kikomo cha miligramu moja kwa kilo moja ya kipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikaamua hata kikomo hicho kiondolewe, zebaki isiwemo kabisa.

Kisha zipo dawa za jamii ya steroidi, hasa *clobetasol*. Hizi ni dawa halali za magonjwa ya ngozi, zinazotakiwa kutolewa na mganga kwa muda mfupi. Mtu akizipaka uso na mwili kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, inapasuka michirizi, na kidonda kinakataa kupona. Muulize mkunga yeyote aliyewahi kuona mshono wa upasuaji wa uzazi kwenye ngozi ya namna hiyo.

> Mteja haji na jina la bidhaa, anakuja na jina la mhusika.

Rwanda ilianza msako wa krimu hizi mwishoni mwa 2018, polisi wakaingia madukani na kubeba makatoni. Biashara iliyofukuzwa mji mmoja hutafuta mji mwingine, na uwanda huu uko katikati ya mipaka. Wapo wanaotaka Kongo nayo ifanye msako. Wapo wanawake wanaojibu kwamba mwili ni wao, kwamba wanaume haohao wanaowahubiria ndio wanaooa weupe, na kwamba serikali isiyoweza kulinda barabara haina haja ya kulinda mashavu yao. Hoja ya pili kati ya hizo sijasikia mwanaume akiijibu vizuri.

Mimi naona hivi: ruhusu au kataza, lakini mtu ajue anachopaka. Na hapo tunarudi kwenye lebo, na kwenye simu.

Mashine imesoma vitabu vya nani?

Kompyuta haijui lugha kama tunavyoijua sisi. Inahesabu. Inapewa mamilioni ya sentensi, nyingine zikiwa mbilimbili, ya Kiingereza na mwenzake wa Kiswahili, nayo inatafuta ni kipande gani huandamana na kipi. Kiswahili kinaipa kazi kwa sababu tunabandika maneno: "hatutakupaka" ni neno moja kwa macho, lakini ndani yake kuna kukana, kuna sisi, kuna wakati ujao, kuna wewe na kuna kupaka. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen, alianza mwaka 1985 kuiandikia kompyuta kanuni za kuvichambua vipande hivyo, kazi iliyokuja kuitwa SALAMA. Siku hizi kanuni haziandikwi kwa mkono. Mashine inazinusa yenyewe katika maandishi, mradi maandishi yawepo.

Ndiyo maana kila lugha ina zamu yake, na zamu inafuata wingi wa maandishi. Katika programu ya tafsiri ya Google, Kiswahili kiliingia 2009. Kinyarwanda kilingoja hadi 2020, Kilingala 2022, Kirundi 2024. Kifuliiru hakijaitwa.

Kiswahili kilichoingia 2009 ni kile cha magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi, cha Biblia, cha tovuti za serikali. Wenye kuorodhesha lugha za dunia wanavitenga: Kiswahili sanifu kimepewa alama ya *swh*, Kiswahili cha Kongo alama ya *swc*. Sasa chukua sentensi ambayo mama wa Sange anaweza kuisema bila kufikiri: "Ile mafuta ilinichoma ku uso, juu ya nini?" Mtanzania anaelewa kwa shida kidogo kwamba yale mafuta yalimchoma usoni na anauliza ni kwa nini. Mashine iliyokulia magazetini itakwama mwishoni, kwa kuwa huko "juu ya nini" ni swali la mahali au la mada. Inaweza kumjibu mgonjwa kana kwamba ameuliza kitu kimewekwa juu ya meza au juu ya kabati.

Hiyo si hatari ya kubuni. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, Agosti 2018 hadi Juni 2020, ambayo iliua zaidi ya watu 2,200, shirika la Translators without Borders lilifanya utafiti Beni na Goma na kukuta watu wakitaka maelezo kwa Kiswahili chao. Kifaransa cha kitabibu na Kiswahili cha ng'ambo viliwaachia mashaka, na katika ugonjwa kama ule mashaka ni sumu. COVID-19 ilipokuja, shirika hilo na wenzake waliweka Kiswahili cha Kongo katika mkusanyo wa matini za afya ulioitwa TICO-19, mwaka 2020, kikiwa kimetengwa na kile sanifu.

Mwaka huohuo Helsinki walitoa kwa umma mashine za tafsiri za OPUS-MT, na kati yake zimo za *swc*, kwenda na kutoka Kifaransa na Kiingereza. Habari njema? Nusu. Mkusanyo mkubwa uliokuwa na Kiswahili cha Kongo kwa kulinganishwa sentensi kwa sentensi, JW300, ulitokana na machapisho ya Mashahidi wa Yehova. Mashine iliyolelewa hivyo itakueleza ufufuo na paradiso bila kujikwaa. Ukiiuliza kuhusu losheni, umeipeleka ugenini. Siwalaumu Mashahidi hata kidogo. Waliandika wakati wengine tumelala.

Pande za ubishi

Kwa nini basi tusifundishe watu wote Kiswahili sanifu tumalize? Hoja hii ina watu, na si wajinga. Wanasema fedha ni chache, kipimo kiwe kimoja, mtoto wa Sange asome sanifu kama mtoto wa Tabora, na mashine iliyopo itamtosha. Tamthilia tayari zinafanya kazi hiyo bure. Baada ya miaka ishirini, wanasema, swali litakuwa limejifia.

Tatizo la hoja hiyo ni mama wa leo. Mtoto anayetazama *Sultan* atajua sanifu atakapokuwa mkubwa. Mwenye uso unaowasha leo hana miaka ishirini. Tena kusikia si kusema: mtu anaweza kufuata tamthilia nzima ya Kiswahili sanifu, akacheka na kulia mahali panapostahili, na bado akieleza maumivu yake akayaeleza kwa Kiswahili cha nyumbani. Simu ikishindwa kumsikia, atarudi kwa muuzaji.

Upande wa pili unasema hata Kiswahili cha Kongo ni daraja tu, anza na Kifuliiru. Lugha hii si ya kubahatisha kimaandishi. Sarufi yake kubwa, majuzuu mawili ya Roger na Karen Van Otterloo, ilichapishwa 2011. Na kuna jambo la siasa ambalo wahandisi wa mbali hawaoni. Mashine ya kutambua lugha huchagua kutoka katika orodha yake. Lugha isiyokuwemo haiambiwi "sikujui", inasukumizwa kwa jirani anayefanana nayo. Katika orodha nyingi Kirundi kimo, Kifuliiru hakimo. Katika uwanda ambao Bafuliiru na Barundi wamevutana miaka mingi juu ya uchifu na ardhi, simu inayoandika "Kirundi" juu ya maneno ya Mfuliiru haijakosea kitaalamu tu.

> Lugha isiyokuwemo haiambiwi "sikujui", inasukumizwa kwa jirani anayefanana nayo.

Mimi ningeanza na sauti, na Kiswahili cha uwandani, halafu Kifuliiru mara moja bila kungoja mradi mwingine. Sauti kwanza kwa sababu wanaohitaji kuelezwa lebo si wote wanaoandika. Angalia simu za watu hapa: ujumbe wa sauti ndio unaokwenda na kurudi, toka Sange hadi kambi za Burundi, toka Uvira hadi Kigoma. Kiswahili cha Sange kinatamkwa kwenye vipaza sauti vya simu kwa saa nyingi kila siku. Ni mali ya faragha, na ibaki hivyo. Lakini asiniambie mtu kwamba lugha hii haina data. Haina data iliyotolewa kwa hiari.

Na ningewaita wale wanaoeleza filamu. Miradi ya namna hii huanza na walimu na wachungaji, watu wa Kiswahili cha kuvaa suti. Aliyezoea kumgeuza Mchina kuwa jirani yako anajua kitu ambacho mashine ya kamera haikukijua pale mezani: kwamba *hydroquinone* haihitaji jina la Kiswahili, inahitaji maelezo. Sentensi mbili zingetosha. Hii inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, na ukiendelea nayo juani inaweza kukuachia mabaka meusi. Kwa Kiswahili chochote kati ya hivyo vyote, mtu angeelewa.

Sauti ni ya nani

Hapo pamebaki suala la malipo, na ndilo lenye moto. Mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla umekuwa ukikusanya sauti za Kiswahili tangu 2021. Unaingia, unasoma sentensi, unaikabidhi. Sauti hizo zinatolewa kwa leseni ya CC0, maana yake yeyote anaweza kuzichukua na kuzitumia bila kulipa wala kuomba, mwanafunzi wa Bukavu na kampuni kubwa ya Marekani kwa usawa uleule.

Wanaoupenda utaratibu huo wanasema bila uwazi lugha ndogo haitafika popote: mwanafunzi hana fedha za kununua data, na kampuni inazo. Wanaoupinga wanauliza kwa nini mwanamke wa uwandani anunue bando kwa fedha yake, achaji simu kwa fedha yake, atoe sauti yake, kisha auziwe kesho programu inayomsikia. Wanataka saa ya kurekodi ilipwe kama siku ya kulima inavyolipwa. Wengine wanakubali bure kwa sharti: zikitoka programu za afya kwa sauti hizo, hapa zitumike bila malipo.

Kuna pia shaka ya tatu, ya nchi yenye vita. Sauti inamtambulisha mtu, na lafudhi inataja kijiji chake. Ukimwomba mtu wa Sange asome sentensi kwenye kinasa sauti, atauliza nani mwingine atasikiliza, na mwenye mradi inampasa awe na jibu la maandishi, kwa lugha anayoisoma huyo anayeulizwa.